Uhuru, madaraka na jamhuri si kitu kimoja: bandari ya Kigoma ni ushahidi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kosa linalojirudia kila Desemba magazetini, kwenye redio za mikoani na hata katika risala za viongozi wetu. Utasoma "Uhuru wa Tanzania". Utasoma kwamba tulikuwa "koloni la Mwingereza". Utasoma kwamba mwaka 1961 "tulipata uhuru na kuwa jamhuri". Sentensi zote tatu zina kasoro ya kisheria. Maneno uhuru, madaraka, jamhuri, dola na mamlaka yana mipaka yake sheriani, na sisi watu wa Kigoma tunapaswa kuijali mipaka hiyo kuliko wengine. Kipande cha bandari yetu kiliwahi kupangishwa kwa dola ya kigeni milele, na kilichotusaidia kukirudisha ni tofauti hizi hizi ambazo leo tunazikoroga.

Tuanze na uhuru wenyewe. Katika sheria ya kimataifa, nchi huru ni ile isiyokuwa chini ya amri ya kisheria ya dola nyingine. Mwaka 1928 Max Huber, akiamua mgogoro wa kisiwa cha Palmas kati ya Marekani na Uholanzi, alieleza kuwa mamlaka kamili ya dola, ikitazamwa mbele ya dola nyingine, maana yake ni uhuru: haki ya kufanya kazi za dola katika eneo fulani bila dola nyingine kuzifanya humo. Mwaka 1931 Jaji Dionisio Anzilotti, katika shauri la ushirika wa forodha wa Austria na Ujerumani, aliongeza jambo ambalo wachambuzi wetu wengi hulisahau. Nchi inaweza kubanwa na mikataba, hata mizito, ikabaki huru, mradi mikataba hiyo haiiweki chini ya mamlaka ya kisheria ya dola nyingine.

Kwa hiyo umaskini, madeni na wingi wa wafadhili si vipimo vya uhuru sheriani. Vinaweza kuwa hoja nzito za kisiasa, na mimi sizidharau, lakini mwanasheria huuliza swali jingine: neno la mwisho la kisheria liko kwa nani, na alilipata kwa hati gani, tarehe ipi?

Lipime swali hilo kwa historia yetu. Baada ya Desemba 1961 Tanganyika iliendelea kutumia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na bodi ya sarafu ya pamoja, hadi Benki Kuu yetu ilipofunguliwa Juni 1966. Rufaa zilikwenda katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaanzishwa mwaka 1979. Hakuna kati ya hayo kilichotupunguzia uhuru, kwa sababu tulishirikiana na Kenya na Uganda kwa ridhaa na tungeweza kujitoa. Mfano mgumu zaidi ni ule wa Januari 1964. Askari waliasi Dar es Salaam tarehe 20, kesho yake uasi ukafika kambi ya Tabora, na tarehe 25 wanajeshi wa Uingereza wakateremka nchini. Wapo wanaoandika kuwa siku ile uhuru ulisimama. Haukusimama. Waliitwa na serikali halali, wakafanya walichoitiwa, wakaondoka. Ridhaa ya serikali halali ndiyo inayotenganisha msaada na uvamizi, na bila ridhaa hiyo kitendo kilekile kingekuwa shambulio dhidi ya dola huru.

Sasa hili la "koloni". Kwa Waingereza, koloni lilikuwa ardhi ya Mfalme wao, sehemu ya milki yake. Kenya Bara ilikuwa koloni tangu 1920. Ukanda wa pwani ya Kenya haukuwa koloni, ulikuwa himaya, kwa sababu kisheria ulibaki wa Sultani wa Zanzibar. Zanzibar yenyewe ilikuwa himaya tangu 1890: Sultani alihesabika kuwa na dola yake, ila mambo ya nje na ulinzi yalishikwa na Mwingereza, na kwa vitendo mengine mengi pia. Ndiyo maana sheria iliyotungwa na Bunge la Uingereza mwaka 1963 kuhusu Zanzibar iliondoa ulinzi. Haikuwa na milki ya kuitoa.

Tanganyika haikuwa koloni la Mwingereza wala himaya yake. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba 19 mwaka huohuo, wakaendelea kukaa hapa Kigoma hadi 1921. Lakini kuiteka nchi vitani hakumpi mtekaji umiliki. Kwa Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 119, Ujerumani iliachia haki zake zote za ng'ambo kwa mataifa makubwa yaliyoshinda, na ibara ya 22 ya Mapatano ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, ikasema nchi hizo zishikwe kama amana. Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika kwa masharti hayo, na Shirikisho likayathibitisha Julai 1922. Baada ya Vita vya Pili amana hiyo ikageuka kuwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa mapatano yaliyopitishwa Desemba 13, 1946.

Kuna atakayesema hiyo ni tofauti ya makaratasi, kwa kuwa kodi ya kichwa ilikuwa ileile na bwana shauri alikuwa yuleyule. Kwa mtu aliyekuwa analipa kodi Kasulu au Urambo, maisha ya siku hadi siku yalifanana kweli na ya jirani yake wa koloni. Ila udhamini ulimpa mlango ambao mwenzake wa Nyeri au Kisumu hakuwa nao. Mtawala alipaswa kupeleka taarifa kila mwaka. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kukagua kila baada ya miaka mitatu au karibu na hapo, na wananchi waliweza kuandika malalamiko moja kwa moja kwa Baraza la Udhamini. Ujumbe wa 1954 ulipendekeza nchi ijitawale ndani ya miaka 20 hadi 25, jambo lililowaudhi sana watawala. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilo New York. Aliitumia haki iliyokuwemo katika hati ya udhamini, hakuwa amepenyezwa kwa hisani ya mtu.

Hapo ndipo bandari ya Kigoma inapoingia, na naomba nilieleze hili kwa urefu kwa sababu halifundishwi inavyostahili hata katika shule zetu za hapa.

Machi 15, 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia sahihi mkataba wa usafirishaji. Wabelgiji walikuwa wanaachia Kigoma na kubaki na Ruanda-Urundi pamoja na Kongo, na walitaka njia ya kwenda baharini. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Shehena ingevuka ziwa kutoka Albertville, ambayo leo ni Kalemie, au kutoka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ikapandishwa kwenye mabehewa hapa, ikashuka Dar es Salaam. Mkataba uliwapa haki ya kupitisha mizigo bila kutozwa ushuru wa forodha. Ukawapa pia maeneo katika bandari mbili, Dar es Salaam na Kigoma, kwa pango la milele, kodi yake faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo ndiyo yaliyokuja kujulikana kama Belbase. Mwaka 1951 mkataba mwingine ulirekebisha eneo la Dar es Salaam, lakini pango likabaki la milele.

Tazama shida iliyomkabili Mwalimu mwishoni mwa 1961. Nchi inakaribia kuwa huru, na ndani ya bandari zake mbili kuna ardhi iliyoshikwa na dola nyingine bila ukomo. Kuukana mkataba kwa kusema tu "hatuutaki" kungeipa Tanganyika sifa mbaya kabla hata haijakaa kwenye kiti chake Umoja wa Mataifa. Alichofanya bungeni Novemba 1961 ni kutazama kwanza mpangishaji alikuwa nani. Uingereza haikuwa mwenye nchi. Ilikuwa msimamizi, kwanza wa amana, kisha wa udhamini, na usimamizi wa namna hiyo una mwisho. Mwenye haki ya muda hawezi kutoa haki ya milele, kama ambavyo mpangaji wa nyumba pale Mwanga hawezi kumuuzia mtu chumba anacholala. Kwa hiyo pango lilikuwa na nguvu muda wote ambao usimamizi wa Mwingereza ulikuwepo, na lilikoma pamoja nao. Hakukuwa na mkataba wa kuvunja, kwa kuwa uwezo wa kuufanya uishi zaidi ya hapo haukuwahi kuwepo.

Hoja hiyo inasimama juu ya neno moja: udhamini. Kama Tanganyika ingekuwa koloni, Ubelgiji ingeweza kujibu kwamba Mfalme wa Uingereza aliimiliki ardhi kwa ukamilifu, hivyo aliweza kuipangisha atakavyo, na kwamba haki iliyofungamana na ardhi humfuata kila anayeirithi ardhi hiyo. Tanganyika ingelazimika kutafuta hoja nyingine, na ngumu zaidi. Mwandishi anayeandika "koloni" leo anaifuta, bila kujua, hoja iliyolinda gati letu. Na wala majirani hawakufungiwa njia. Mizigo ya Kongo na Burundi inapita Kigoma hadi leo, ila inapita kwa ridhaa ya mwenye nchi na kwa masharti anayokubaliana nayo.

Kwa mikataba mingine ya nchi mbili, Desemba 1961 Tanganyika ilimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba itaendelea kuitekeleza kwa miaka 2, kwa masharti ya kutendeana sawa, na ndani ya muda huo kila mmoja utajadiliwa. Utakaokuwa haujafanywa upya utahesabika umekoma, isipokuwa ile ambayo kwa desturi ya sheria ya kimataifa huendelea yenyewe. Utaratibu huo unafundishwa duniani kwa jina la Nyerere. Mwaka 1962 serikali iliarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa maji ya Nile wa 1929 hauifungi Tanganyika. Mipaka ndiyo iliyoachwa kando. Mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Cairo Julai 1964 ulikubali mipaka iliyorithiwa, na Mkataba wa Vienna wa 1978 kuhusu urithi wa mikataba ukaweka yote mawili: nchi mpya hailazimiki kubeba mikataba ya mtawala wake, lakini mpaka uliowekwa na mkataba hauondoki kwa sababu ya mabadiliko hayo. Mvuvi wa Kibirizi anayekamatwa upande wa pili wa ziwa anahukumiwa kwa mstari uliochorwa kabla ya nchi zote zinazoligusa ziwa hili kuwa huru.

Nije kwenye madaraka. Madaraka ni uwezo uliotolewa na mwenye mamlaka ya juu, na aliyeutoa anaweza kuubadilisha. Septemba 1960 Nyerere aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi. Mei 1, 1961 Tanganyika ilipata serikali ya ndani naye akawa Waziri Mkuu, lakini mambo ya nje na ulinzi bado yalikuwa mkononi mwa Gavana. Hicho kilikuwa kipindi cha madaraka, kabla ya uhuru. Wakenya wanalishika vizuri zaidi: Juni 1, 1963 ni Madaraka, Desemba 12, 1963 ni uhuru, Desemba 12, 1964 ni Jamhuri. Tarehe tatu kwa hatua tatu. Neno hilohilo linatumika katika Katiba yetu, ibara ya 145 na 146, kuhusu serikali za mitaa. Manispaa ya Kigoma Ujiji inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo, lakini uwezo huo wote umetoka kwenye sheria ya Bunge na sheria ndogo zake zinahitaji idhini ya juu. Diwani anayesema "halmashauri yetu ni huru" amekosea neno, na mwandishi asimfuate.

Uhuru wa Desemba 9, 1961 ulihitaji funguo mbili, na hili nalo ni tunda la udhamini. Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Uhuru wa Tanganyika ya 1961 ikiondoa uwezo wake wa kutunga sheria kwa ajili ya nchi hii. Hiyo peke yake haikutosha. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipaswa kuukomesha udhamini, likafanya hivyo kwa azimio lililofungamana na tarehe hiyohiyo. Desemba 14 Tanganyika ikawa mwanachama wa Umoja wa Mataifa.

Lakini haikuwa jamhuri. Malkia Elizabeth aliendelea kuwa mkuu wa nchi, na Sir Richard Turnbull, aliyekuwa Gavana, akawa Gavana Mkuu anayemwakilisha kwa ushauri wa mawaziri wetu. Jamhuri ilikuja Desemba 9, 1962, Nyerere akaapishwa kuwa Rais. Kuwa jamhuri kunahusu nani ni mkuu wa nchi na anapatikanaje. Kanada na Australia ni nchi huru hadi leo na hazina rais. Kinyume chake, Umoja wa Kisovieti ulikuwa na jamhuri 15 ndani yake, na zikawa huru pale tu Umoja huo ulipovunjika mwaka 1991.

Na kutangaza uhuru kuna umbali wake na kuwa huru. Mfano uko ng'ambo ya ziwa letu. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Julai 11 Moïse Tshombe akatangaza uhuru wa Katanga, jimbo lililojumuisha Albertville. Alikuwa na bendera, jeshi, fedha za shaba na watu. Kwa vigezo vya Mkataba wa Montevideo wa 1933, yaani watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine, wapo waliodhani amekaribia. Hakuna dola iliyomtambua. Novemba 1961 Baraza la Usalama lilikataa katakata dai kwamba Katanga ni taifa huru, na Januari 1963 ikamalizika. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikitoa ushauri juu ya Kosovo, ilisema tamko lile la uhuru halikuvunja sheria ya kimataifa, ila haikusema kwamba Kosovo imekuwa dola. Waandishi wa habari za nje wasome tena maamuzi na ushauri wa namna hii kabla ya kuweka vichwa vya habari.

Inabaki Tanzania. Desemba 9, 1961 dola iliyokuwa huru ni Tanganyika. Zanzibar ikafuata Desemba 10, 1963 chini ya Sultani, na Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakabadilisha serikali bila kuifuta dola. Hati za Muungano zilitiwa sahihi Aprili 22, 1964 na Muungano ukaanza Aprili 26. Jina la kwanza lilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina Tanzania likaja baadaye mwaka huohuo. Tanzania haikupewa uhuru na mtu yeyote, ilizaliwa na dola mbili ambazo tayari zilikuwa huru. Ukiandika "Uhuru wa Tanzania 1961" unaifuta Zanzibar kwenye hesabu, na ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana haki ya kuudhika.

Lipo pia neno uhuru ndani ya Katiba kwa maana nyingine, na hapa nitapita haraka: uhuru wa mtu binafsi katika ibara ya 15, uhuru wa maoni katika ibara ya 18, na uhuru wa mahakama katika ibara ya 107B, unaomtaka hakimu afuate Katiba na sheria za nchi pekee. Ibara ya 28 inamtaka kila raia alinde uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa. Imevitaja vinne, kila kimoja peke yake. Kujitegemea hakumo katika ibara hiyo, kwa kuwa ni siasa ya uchumi iliyotangazwa Arusha mwaka 1967. Ni jambo zuri la kulipigania, lakini taifa haliachi kuwa huru kwa kuwa limekopa.

Ombi langu kwa chumba chako cha habari ni dogo na linatekelezeka. Mwandishi akitaka kuandika kuwa nchi ilipata hiki au kile, ataje kwanza hati na tarehe yake. Kwa toleo la Desemba 9 andikeni "Uhuru wa Tanganyika" au, kama serikali inavyopenda, "Uhuru wa Tanzania Bara". Andikeni "nchi ya udhamini chini ya Uingereza" pale mlipozoea "koloni". Na msanifu wa kurasa akumbushwe pia: bendera iliyopandishwa Kilimanjaro usiku ule ilikuwa ya mistari ya mlalo, kijani juu na chini, nyeusi katikati, na njano nyembamba ikizitenganisha. Rangi ya bluu ilitoka Zanzibar mwaka 1964, isiwekwe kwenye ukurasa wa 1961.

Wako,
Wakili, Kigoma Mjini